Taa Iliyosimama Angani: Jibu la "Ni Ndege" Halijasikilizwa Vya Kutosha

Kuanzia katikati ya Novemba 2024 hadi karibu na Krismasi, wakazi wa jimbo la New Jersey, Marekani, walikesha wakitazama juu. Taa ziliripotiwa zikielea juu ya nyumba, zikipita kimya, zikijipanga pembetatu, kisha zikitoweka. Wengine walisema ni droni, yaani ndege ndogo zisizo na rubani, za adui, wengine wakasema ni vyombo visivyotoka duniani humu. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilipokea taarifa zaidi ya 5,000. Zilizoonekana kustahili kufuatiliwa hazikufika 100. Tarehe 16 Desemba, FBI, Wizara ya Usalama wa Ndani, Wizara ya Ulinzi na mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, zilitoa tamko la pamoja: kilichoonekana ni mchanganyiko wa droni halali za biashara, za watu binafsi na za polisi, pamoja na ndege za kawaida, helikopta na nyota zilizodhaniwa kuwa droni.

Wengi walilipokea tamko hilo kama tusi. Mtu amesimama uani kwake, ameiona taa imetulia tuli dakika mbili nzima, halafu anaambiwa ni ndege ya abiria. "Ndege haisimami hewani," anajibu, na hapo hakosei hata kidogo. Lakini ukizichukua zile sifa nne zinazotajwa kila mara kuwa ushahidi kwamba haikuwa ndege, yaani kusimama, kuchomoka ghafla, ukimya na umbo la pembetatu, utakuta ndizo hasa ambazo ndege ya kawaida huonyesha usiku ikitazamwa kutoka mahali fulani.

Kusimama ndiko kunakobeba ubishi wote, kwa hiyo hapo pafaa kukaa. Chukua ndege inayokuja moja kwa moja upande wako, kimo cha mita 1,500, mwendo wa mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa. Ikiwa kilomita 30 kutoka ulipo, taa yake iko nyuzi 2.9 juu ya upeo wa macho. Ikifika kilomita 20, iko nyuzi 4.3. Imesafiri kilomita 10 kwa sekunde 100, na machoni pako imepanda nyuzi 1.4 tu. Nyosha mkono wote, inua kidole cha mwisho: upana wa ncha yake ni kama nyuzi 1. Kwa zaidi ya dakika moja na nusu, ndege yenye abiria na mizigo imesogea kidole kimoja na nusu, tena kwenda juu, haikwenda kushoto wala kulia. Usiku, bila nguzo au paa la kulinganishia, hakuna jicho linaloweza kuushika mwendo huo, hata liwe jicho la rubani au polisi.

Endelea na ndege hiyohiyo. Kutoka kilomita 5 hadi juu ya kichwa chako inatumia sekunde 50, na katika sekunde hizo inapanda kutoka nyuzi 17 hadi 90. Rubani hajaongeza kasi. Pembe ndiyo iliyobadilika. Shahidi ataeleza kwamba kitu kilielea dakika mbili, kisha kikachomoka kwa kasi ya ajabu, na hapo amesema kweli tupu juu ya alichokiona. Kosa liliingia pale tu alipodhani kwamba macho yalikuwa yanapima kilomita, kumbe yalikuwa yanapima nyuzi.

New Jersey ni mahali ambapo hesabu hii inajirudia kila usiku. Ndani ya jimbo kuna viwanja vya ndege vya Newark na Teterboro, na jirani, New York, kuna JFK na LaGuardia; ndege zinazoshuka hupangwa foleni, moja nyuma ya nyingine, kwenye mstari mmoja. Hati ya uchambuzi ya TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, iliyowekwa hadharani mwaka 2025 ilieleza tukio moja la namna hiyo: ndege zilizokuwa zikielekea JFK zilionekana kwa watu wa chini kama kundi lililoelea kwa mpangilio, ilhali zilikuwa zikienda moja kwa moja kuelekea kwa watazamaji wenyewe.

Halafu kuna taa za kutua. Kwa kawaida ndege za abiria huziwasha zikiwa chini ya futi 10,000, yaani kama mita 3,000. Ni kali mno kwa mbele, na ukiwa ndani ya mwanga wake huzioni taa nyingine zozote. Ndege ikikata kona, mwale unakuacha, na ile nyota kubwa nyeupe inafifia kwa sekunde chache kana kwamba imezimwa. Sasa ndipo zinapoonekana taa ndogo: nyekundu bawa la kushoto, kijani bawa la kulia, nyeupe mkiani, na zile za kumetameta. Ukiona nyekundu upande wako wa kulia na kijani upande wako wa kushoto, ndege inakuja kwako. Taa tatu kwenye giza, macho yanaziunganisha yenyewe na kujaza weusi katikati: hapo ndipo inapozaliwa pembetatu.

Ukubwa nao una mtego wake. Katika maelezo waliyopewa wabunge wa jimbo mwezi Desemba, ilitajwa droni yenye upana wa hadi futi 6, karibu mita 2. Kitu cha mita 2 kilicho mita 200 kutoka kwako kinachukua nafasi ileile machoni kama kitu cha mita 35 kilicho kilomita 3.5. Mita 35 ni takriban upana wa mabawa ya Airbus A320. Bila kujua umbali huwezi kujua ukubwa, na gizani taa haikuambii umbali. Ama ukimya, ndege inayoshuka huwa imepunguza nguvu za injini, na sauti hutembea mita 340 kwa sekunde. Ndege iliyo kilomita 3 juu yako, mlio wake unakufikia karibu sekunde 9 baadaye, ukitokea mahali ambapo taa haipo tena. Upepo ukivuma kutoka kwako kwenda kwake, pengine usiusikie kabisa.

Kuona kwa pamoja hakuokoi sana. Mwaka 1935 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwaketisha watu kwenye chumba cha giza akawaonyesha kinukta cha mwanga ambacho hakikusogea hata kidogo, akawauliza kimesogea kiasi gani. Kila mmoja peke yake alikuwa na kipimo chake. Walipowekwa pamoja, vipimo vyao vilikaribiana. Majirani kumi wanaokubaliana kwamba taa ilicheza kushoto na kulia wanaweza kuwa wameambukizana makadirio bila yeyote kusema uongo.

Upande wa pili nao una hoja, na si ndogo. Droni ziliwahi kuingia kweli mahali pasipotakiwa: kambi ya jeshi la anga ya Langley, Virginia, ilisumbuliwa nazo usiku baada ya usiku mwezi Desemba 2023. Katika mradi wa jeshi la anga la Marekani wa kuchunguza vitu visivyotambulika, Blue Book, uliofungwa mwaka 1969, taarifa 701 kati ya 12,618 zilibaki bila maelezo. Na huko New Jersey serikali ilijiharibia yenyewe. Kwa wiki kadhaa iliwaambia watu kwamba haijui ni nini, ila hakuna hatari. Kauli mbili hizo hazikai chungu kimoja. Tarehe 28 Januari 2025 Ikulu ikasema droni hizo nyingi zilikuwa na idhini ya FAA, kwa utafiti na sababu nyingine. Aliyeambiwa Desemba kwamba mengine ni ndege na nyota ana sababu ya kuuliza lipi ashike. Hata hivyo, kusemwa vibaya kwa jambo hakulifanyi kuwa uongo. Gavana wa zamani wa Maryland, Larry Hogan, alisambaza video ya zilizodhaniwa kuwa droni juu ya nyumba yake. Ndani yake lilionekana kundi la nyota la Orion.

Linaloumiza zaidi ni kilichofuata. Watu walianza kuelekeza leza angani wakidhani wanamulika droni, hadi FBI na polisi wa jimbo wakatoa onyo, kwa sababu waliokuwa wakilengwa ni marubani wa ndege zenye watu. Leza inapogonga kioo cha chumba cha rubani haibaki kinukta: mwanga unatawanyika kioo kizima, na rubani anapoteza uwezo wa kuona nje, mara nyingi akiwa chini, karibu na njia ya kutua. Mwaka 2024 FAA ilipokea taarifa zaidi ya 12,000 za leza nchini Marekani. Donald Trump, wakati huo rais mteule, aliandika kwamba kama umma hauelezwi, basi vitunguliwe. Ukishayajua mahesabu ya kidole kimoja na nusu, sentensi hiyo inatisha.

Anayetaka kujua alichokiona anaweza, ila afanye kazi mapema. Simama pamoja na nguzo au ukingo wa paa, uone kama taa inasogea dhidi yake kwa dakika mbili. Pima kimo kwa ngumi ya mkono ulionyoshwa. Ngumi moja ni kama nyuzi 10. Usivute picha karibu (zoom) kwa simu, kwa maana nukta ya mwanga ambayo lenzi haijailenga sawasawa hugeuka duara au "chombo" chenye kingo. Rekodi ukiwa na paa ndani ya picha. Andika dakika kamili na upande, kisha fungua Flightradar24 au ADS-B Exchange, tovuti zinazoonyesha safari za ndege kwenye ramani, urudishe ramani nyuma hadi dakika hiyo.

Hapo wasomaji wa Kiswahili wana mtego wao wa pekee. Kurudisha nyuma huenda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Saa 2:15 usiku Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni 20:15, na kwa UTC ni 17:15. Anayeingiza 2:15 kama alivyoitamka anatafuta ndege za muda mwingine kabisa, hazikuti, kisha anahitimisha kwamba hapakuwa na ndege. Isitoshe, kutokuwepo kwenye ramani si ushahidi kamili: ndege za kijeshi zinaweza kuzima kifaa kinachotangaza zilipo, na mbali na miji vipokezi vya ardhini ni vichache.

Zile taarifa zisizofika 100 zilizofuatiliwa New Jersey zilikuwa zimefukiwa chini ya maelfu ya nyingine. Kama kulikuwa na droni ya kweli juu ya kambi au mtambo, wapelelezi waliitafuta wakipita kwanza kwenye foleni ya JFK. Mamlaka zilikuwa na rada na rekodi za kila safari. Zingeweza kuweka kando ya kila video iliyovuma namba ya safari, kimo na dakika, kila asubuhi, kuanzia wiki ya kwanza.