Bei ya samaki ipo kwenye simu, deni lipo kwa wakala

Asubuhi moja kwenye mwalo wa Kirumba, pale Mwanza kando ya Ziwa Victoria ambako samaki hushushwa na kuuzwa, nilimkuta mama ameketi juu ya gunia la dagaa. Kitochi amekibana kati ya shavu na bega, mikono inashona mdomo wa gunia jingine. Alikuwa akiongea na mteja wa Kahama. Wakaelewana bei, hela ikaingia kabla hajamaliza kushona, mzigo ukaenda kwenye gari bila yeye. Zamani angepanda gari na mzigo wake, alale gesti, arudi na noti amezifunga kwenye pindo la khanga huku akiomba asikutane na vibaka.

Anayesema simu haijamsaidia mtu wa kawaida Afrika basi hajafika Kirumba. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Kwenye visiwa vya ziwa ambako benki hazikuona sababu ya kufungua tawi, leo kuna wakala wa pesa kwenye kibanda cha mbao, na mvuvi anatuma ada ya mtoto bila kuvuka maji.

Wachumi nao wana mfano wanaoupenda. Mwaka 2007 Robert Jensen alichapisha utafiti kuhusu wavuvi wa dagaa wa baharini huko Kerala, India. Simu za mkononi zilipoingia kati ya 1997 na 2001, wavuvi walianza kupiga kuuliza bei wakiwa bado baharini, wakapeleka samaki kule wanakohitajika. Samaki wa kutupwa wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda, na mlaji akanunua kwa bei nafuu kidogo. Kila upande ulipata.

Mfano huo ni wa kweli, ila kuuleta ziwani kwetu kama ulivyo ni kujidanganya. Mvuvi wa Kerala alikuwa na uhuru wa kugeuza chombo. Huku kwenye sangara, tajiri mwenye mtumbwi mara nyingi amechukua nyavu, mashine na mafuta kwa mkopo kutoka kwa wakala anayekusanya samaki wa kiwanda. Masharti yanajulikana hata yasipoandikwa: samaki utaniuzia mimi. Na barafu ni ya wakala, kwa hiyo hata ukisikia kwamba mwalo wa pili wanalipa vizuri zaidi, sangara wako ataharibika wakati ukibishana. Vijana wanaovua ndani ya mtumbwi wako mbali zaidi na bei hiyo, maana wao hulipwa mgao baada ya gharama za tajiri kutolewa. Bei wanaijua wote. Anayeamua ni aliyetoa mkopo.

Ndiyo maana dagaa na sangara wananipa majibu mawili tofauti kwa swali moja, la kama simu inamsaidia mtu wa kawaida. Mama wa Kirumba ananunua kwa hela yake na dagaa wake amekauka, anaweza kusubiri. Kwake simu ni mtaji. Kwa mwenye deni, simu inamwonyesha tu anachopoteza.

Tena simu yenyewe imekuwa mlango wa deni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Serikali nayo ilionja pesa ya simu: tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 ilizua kelele mpaka ikabidi ipunguzwe. (Kubeti sitakuzungumzia. Kaa kijiweni dakika kumi utaona mwenyewe.)

Upande wa elimu matumaini yangu ni makubwa zaidi, lakini na kero pia. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni, na kila mtu akaona nani ana bando na nani hana. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, kitu kizuri kwa shule ambayo watoto wanagombania kitabu kimoja. Ila mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili, akiingia sekondari na kutafuta maelezo ya fizikia mtandaoni, karibu yote anayapata kwa Kiingereza ambacho bado anakitafuta. Hapo anahitaji mwalimu wa kumfafanulia, na simu haijaziba pengo la mwalimu.

Kuna binti wa kidato cha pili ninayemfahamu huku Igombe. Nyumbani kuna simu janja moja, ya mama yake, ambaye naye anauza dagaa. Dagaa huvuliwa gizani kwa kuvutwa na taa, kwa hiyo wakati wa mbalamwezi wavuvi wake hawaingii ziwani, mama anashinda nyumbani, na binti anapata simu jioni, anafungua nukuu za darasa na kunakili kwenye daftari. Giza likirudi, taa zinawashwa ziwani, mama anaondoka alfajiri na simu yake kuwahi mwaloni na anarudi usiku chaji imekwisha. Mwezi uliopita mtihani wa nusu muhula uliangukia wiki ya giza.