Fulana ya Mwanjelwa haizuii risasi

Wiki iliyopita mpwa wangu, mwandishi wa habari, alinionyesha fulana yake ya kazi. Ya bluu, mifuko minne, mgongoni neno PRESS kwa herufi nyeupe. Kashonewa na fundi wa Mwanjelwa, Mbeya. Niliibonyeza kwa vidole: kitambaa na sponji.

"Mjomba, kuna chombo cha habari kinatafuta mtu wa kwenda Goma, Kongo."

Nikamuuliza, bima ipo? Fulana ya kuzuia risasi na helmeti wanatoa? Akainama. Watamlipa kwa kila habari itakayotoka, basi.

Vita ya Kongo ni ya jirani yetu, na lazima isimuliwe kwa Kiswahili na watu wetu. Hilo silipingi. Kinachoniuma ni kijana kutumwa mikono mitupu.

Mkataba upo: itifaki ya mwaka 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva inasema mwandishi aliye vitani ni raia, alindwe kama raia. Mwandishi Shireen Abu Akleh wa Al Jazeera alivaa helmeti na fulana halisi yenye neno hilohilo, na bado risasi ilimuua kule Jenin, Palestina, 11 Mei 2022. Sasa huyu wangu mwenye sponji?

Na si risasi peke yake. Mogadishu, 12 Julai 1993, helikopta za Marekani zilishambulia nyumba, waandishi wakaenda kupiga picha, umati wenye hasira ukawageukia. Waliuawa wanne, wakiwemo Wakenya wawili, Hos Maina na Anthony Macharia. Mahali kama pale unahitaji mwenyeji anayeusoma umati, gari lenye dereva tayari, na mhariri anayesema "rudi, habari tutaikosa." Vyote hivyo ni gharama, na chombo kisichoimudu kisimtume mtoto wa mtu.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalijua hili. Mwandishi Daudi Mwangosi hakwenda vitani. Alikuwa Nyololo, Mufindi, 2 Septemba 2012, akiripoti shughuli ya chama cha siasa, akauawa kwa bomu la machozi la polisi. Askari mmoja alifungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Hukumu ilitoka 2016, miaka minne baadaye.

Nimemwambia mpwa wangu adai bima kwa maandishi kabla hata ya kuzungumzia nauli. Ameandika Jumatatu. Mpaka leo hajajibiwa, na fulana imetundikwa nyuma ya mlango kwa dada yangu, Uyole.