Nyota tano, abiria wanane

Kijiweni, jirani na soko kuu la Tabora, kuna mzee ambaye hachangii hoja yoyote ya magari bila kwanza kugonga meza. Safari hii aliigonga baada ya Toyota Premio moja kurudi kutoka barabara ya Nzega ikiwa juu ya lori, pua yote imejikunja kama karatasi. "Zingekuwa zile Land Rover zetu," akasema, "ungekuta taa moja tu imepasuka. Haya ya siku hizi ni makopo ya maziwa." Wengi wakaafiki. Sikuwalaumu, maana hata mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi.

Basi tuanze na hayo makopo. Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, iligonganisha uso kwa uso Chevrolet Bel Air ya 1959, lidude la chuma hasa, na Chevrolet Malibu ya 2009. Ndani ya kila gari aliketi sanamu mwenye vipimo vya mtu mzima, amejazwa vihisio. Chumba cha dereva cha Bel Air kiliporomoka na kumfuata dereva wake. Mtu halisi asingepona. Malibu iliharibika pua vibaya sana, lakini dereva wake angetoka na jeraha la mguu.

Sababu haina uchawi. Kwa zaidi ya miaka 20 Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari na kuyapa nyota kuanzia sifuri hadi tano, lilibamiza magari kwa kilomita 64 kwa saa, na kugonga ukuta kwa mwendo huo ni kama kudondoka mita 16, yaani kutoka juu ya jengo la ghorofa tano. Mwili unaweza kuhimili kusimama huko ukipewa nafasi ya kusimamia. Nafasi hiyo huletwa na pua inayojikunja taratibu, wakati chumba cha abiria kinabaki kigumu. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes, alilifikiria hilo tangu miaka ya 1950. Chuma kisichokunjika kinaziachia mbavu zako kazi ya kukunjika. Ile Premio, kwa hiyo, ilifanya ilichoundwa kufanya. Dereva wake, nilivyokuja kuambiwa, alilala hospitali usiku mmoja tu.

Hapo ndipo huzuka hoja kubwa zaidi: je, tuanze kudai matokeo ya majaribio haya kabla gari halijaingia nchini? Leo TBS, Shirika la Viwango Tanzania, hukagua gari lililotumika kwa mambo kama breki, taa na tairi. Namna litakavyokunjika halimo kwenye ukaguzi.

Wanaosema ndiyo wana ushahidi mzito. Mwaka 1997, Euro NCAP ilipotoa matokeo yake ya kwanza, Rover 100 ilipata nyota moja, wanunuzi wakaikimbia, na kabla ya mwaka kwisha haikuundwa tena. Karibu zaidi na kwetu ni habari ya Nissan NP300 Hardbody, pikapu iliyouzwa mpya barani Afrika. Global NCAP, shirika la kimataifa la vipimo kama hivyo, iliipima mwaka 2018 ikapata sifuri ingawa ilikuwa na mifuko ya hewa, kwa kuwa bodi yenyewe ilishindwa kuhimili. Mwaka uliofuata wakaigonganisha na Nissan Navara ya Ulaya ya 2015, gari lililokwisha kutumika. Dereva wa ile mpya ya Afrika angekufa. Wa ile kuukuu ya Ulaya angeelekea kushuka kwa miguu yake. Mimi kipimo hicho kilinivunja moyo kuliko ajali nyingi nilizozisikia. Tena kinatia doa sera yetu: kodi ya uchakavu huhesabu umri wa gari, na jirani zetu Kenya hukataa kabisa magari yaliyozidi miaka 8, lakini umri peke yake haukuwaambia chochote wale sanamu wawili wa Nissan.

Upande wa pili nao hauropoki. Nyota zinachacha: Fiat Punto ilipewa tano mwaka 2005, ikarudishwa kwenye kipimo mwaka 2017 ikaambulia sifuri, kwa sababu masharti yalikuwa yamepanda. Halafu kipimo cha kugonga uso kwa uso kinaigiza gari kukutana na lenye uzito unaokaribiana nalo. Kwenye barabara ya Urambo msimu wa tumbaku, utakayekutana naye ni lori lililosheheni, na hapo nyota ngapi sijui zitakusaidia nini. Kisha kuna wasio na gari. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Yule kijana anayesukuma gunia nne za mkaa kutoka Sikonge hatauona ule mfuko wa hewa. Na suala la bei, bila shaka: ukimwekea mwalimu wa Kaliua sharti la nyota nne, humnunulii gari salama zaidi, unamrudisha kwenye bodaboda.

Nikiwekwa kwenye mizani, ninaelemea upande wa kudai matokeo, ila kwa magari mapya na pikapu zinazonunuliwa kwa fedha za umma kwanza. Huko mnunuzi ana sauti. Kwa haya yaliyotumika nina shaka, na shaka yangu haitoki Ulaya, inatoka gereji.

Gari lililopimwa lilikuwa zima. La kwetu limeshagongwa mara mbili. Fundi bodi hodari wa hapa atakunyooshea nguzo ya mlango usijue iliwahi kupinda, lakini atakuwa ameichoma kwa gesi, na vyuma vya kisasa vyenye ugumu wa hali ya juu hupoteza ugumu huo vikipashwa moto. Mfuko wa hewa uliofumuka hauwekwi mwingine kwa sababu ni ghali. Kinachofanyika ni kuizima ile taa nyekundu ya dashibodi. Mbele inafungwa ngao ya bomba nzito, watu wakaiona ulinzi, kumbe inavuruga ukunjikaji uliopimwa na kumngoja mtembea kwa miguu. Nyota za gari hilo zilibaki kiwandani.

Ndiyo maana, shilingi za majaribio zikipatikana, nisingezianzia kwenye magari. Kubamiza gari ni kuliteketeza gari zima, pamoja na gharama ya maabara yenye sanamu na kamera za kasi. Helmeti hupimwa kwa kudondoshwa: kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22 huishusha ikiwa imevishwa kichwa cha chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kuiachia kutoka karibu mita tatu, na kipimo ndani ya kichwa kinasema ubongo ungepata mshtuko gani. Hizi nyingi zinazoning'inia kwenye vioo vya bodaboda, ukizipekua ndani hukuti lile povu gumu jeupe linalofyonza kishindo. Ni ganda na kitambaa. Viti vya mabasi navyo vinaweza kupimwa kwa kuvutwa tu mpaka bolti zilegee. Hayo yako ndani ya uwezo wetu, na yangewagusa wengi kuliko orodha ya nyota.

Juzi nilipanda mchomoko, yaani gari dogo la kubebea abiria, Toyota Probox, kwenda Nzega. Mbele abiria wawili, nyuma wanne, kwenye buti wawili na kuku wao. Nikautafuta mkanda. Ulikuwepo, mzima kabisa, unavutika vizuri. Pa kuuchomekea palikuwa chini ya mwenzangu, naye alikuwa nusu kwangu, nusu juu ya breki ya mkono. "Tukikaribia trafiki utaushikilia tu hivyo hivyo kifuani, mzee," dereva akaniambia, akatia gia.