Darubini haikuwa mbovu, ilipungukiwa sentimita tano

Usiku wa kwanza nilipoifunga kamera kwenye darubini nililaumu kila kitu: lenzi, kamera, unyevu wa bahari, hata macho yangu. Nyota ilikuwa duara jeupe, kama tui lililomwagika. Nikizungusha kigurudumu cha fokasi kwenda nje, duara linapungua, linapungua, nikaanza kutabasamu, mara kigurudumu kikagota. Duara bado lilikuwa na ukubwa wa ndimu kwenye skrini.

Darubini yenyewe ni ndogo, ya lenzi, kipenyo milimita 80, urefu wa fokasi (kutoka lenzi hadi mahali picha kali inapojichora) milimita 400. Imetengenezwa kwa ajili ya jicho. Huku kwetu karibu na ikweta, Orioni hupita karibu na utosi, na sijui shingo ya nani ingeweza kuchungulia nyuma ya bomba lililosimama wima. Ndiyo maana kuna kile kiwiko chenye kioo, kinachopinda mwanga nyuzi 90. Kiwiko hicho hula sentimita kadhaa za njia ya mwanga, basi bomba limefupishwa ili kukifidia. Ukikitoa ukaweka kamera, picha kali inajichora nyuma kabisa, hewani, mahali ambapo kihisi cha kamera hakifiki. Ukikiacha, mambo yanageuka: kamera inakaa mbali mno, na kigurudumu kinagota upande wa ndani.

Hapa ndipo ninapokasirika. Boksi lina picha za galaksi za rangi, limeandikwa kwamba darubini inafaa kwa kamera, na ndani hamna mrija wa kurefusha, wa kuisogeza kamera nyuma hadi picha ilipo. Mrija mtupu! Hauna lenzi, hauna kioo, ni hewa iliyozungushiwa chuma. Ni kama kuuziwa jiko la gesi bila mpira wake. Mtu anahangaika miezi, anaishia kushauriwa anunue kamera bora, na kamera bora itampa duara lilelile, safi zaidi tu.

Mimi nasema usinunue kitu kabla hujapima. Subiri mwezi (jua usiliguse, litakuunguzia karatasi na macho). Toa kiwiko, toa lenzi ya jicho, vuta fokasi hadi mwisho, kisha shika karatasi nyeupe nyuma ya mdomo wa bomba, pale kiwiko kilipokuwa, na uisogeze polepole. Kwanza utaona ukungu wa mwanga. Halafu ghafla, mwezi mzima, mdogo kama punje ya mtama, na ukikodoa macho utaona hata madoa yake meusi. Mwenzio apime kwa rula kutoka mdomoni hadi kwenye karatasi.

Kwangu ilikuwa milimita 104. Kamera iliyovikwa pete ya T (pete ya kuiunganisha kamera na darubini) hula milimita 55, kutoka mdomo wa pete hadi kwenye kihisi. Zikabaki 49. Mrija uwe mrefu kidogo kuliko hapo, usiwe mfupi, kwa sababu fokasi unaweza kuirudisha ndani, na bomba lililovutwa hadi mwisho hulegea kwa uzito wa kamera. Nilichukua wa 60.

Wa kwanza nilioununua, lakini, ulikuwa wa kamera za zamani za filamu. Upana ni uleule, milimita 42, ila nyuzi zake za skrubu zina hatua (nafasi kati ya uzi na uzi) ya milimita 1, na za pete ya T ni 0.75. Uliingia kama nusu mzunguko, ukanata. Nilihangaika na koleo hadi saa saba usiku.

Mrija sahihi ulipofika niliuelekeza Kilimia, nikakuza picha ya skrini mara kumi. Kwa lenzi ya f/5 (urefu wa fokasi ni mara tano ya kipenyo) fokasi haivumilii hata sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo unazungusha kwa kucha, unaacha mtikisiko utulie, unazungusha tena. Duara likawa punje, punje ikawa nukta, halafu likaanza kuwa duara tena. Nikarudi nyuma kidogo. Kigurudumu kilikuwa katikati ya njia, hakijagota popote.