Kabla Hujauliza Kisu Gani, Uliza Utakinoa Vipi

Mtu akijiandaa kwenda kuwinda na kupiga kambi mbali, mwendo wa siku kadhaa kutoka barabara ya mwisho, swali lake la kwanza huwa moja: ninunue kisu gani? Baadaye ndipo yanafuata ya hema, tochi na buti. Majibu hayakosekani, kila mtu ana chapa yake anayoiapia. Mimi huanzia kwingine. Kabla sijaangalia kifaa kinafanya nini kikiwa kizima, nataka kujua nitakifanyaje kikigoma usiku, mvua inanyesha na vidole havina hisia. Kama sina jibu, nakiacha dukani hata kiwe kizuri namna gani.

Wazo hili ni la kale. Mwaka 1991 watembezi wa milimani waliukuta mwili wa mtu ukichomoza kwenye barafu ya milima ya Ötztal, mpakani mwa Italia na Austria. Leo anajulikana kwa jina la Ötzi, na alikufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Alikuwa na shoka la shaba, upinde ambao hakuwa amemaliza kuuchonga, na podo lenye mishale 14, miwili tu ikiwa tayari kutumika. Watu hulishangaa shoka. Kinachonivutia mimi ni kijiti kifupi chenye ncha ya pembe ya kulungu, ambacho kazi yake ilikuwa kuyarudishia makali mawe yake ya gumegume. Jamaa alitembea na karakana yake. Na kisu chake, pamoja na mpini, kilikuwa na urefu wa kama sentimita 13 tu.

Urefu huo wapenda visu wa leo wangeucheka, lakini kwa kupasua na kuchuna, makali ya sentimita 9 au 10 yanatosha hata kwa mnyama mkubwa. Ukiwa na kisu kirefu, ncha inakutangulia ndani ya tumbo mahali usipopaona. Ukitoboa utumbo au kibofu, nyama imechafuka. Natafuta kisu kisichokunjwa, chuma chake kikipita ndani ya mpini mpaka mwisho, na mpini wenyewe uwe wa rangi ya kelele. Sijawahi kuelewa kwa nini visu vya porini hutengenezwa vyeusi au vya kijani, kana kwamba mnyama aliyekwisha kufa bado anatazama. Kisu cha namna hiyo kikianguka kwenye majani jioni, utapapasa mpaka uchoke.

Kisha kuna ugomvi wa chuma. Siku hizi zinasifiwa sana aina ngumu, zinazovuka 60 kwenye kipimo cha ugumu wa chuma kiitwacho Rockwell C. Kweli, makali yake yanadumu. Yakiisha lakini, yanataka jiwe la almasi, mkono uliotulia na subira, vitu ambavyo mwindaji aliyelowa mbele ya mnyama aliyechunwa nusu hana. Tena chuma kigumu hivyo kikikutana na mfupa, makali humeguka. Mimi nachukua cha 56 hadi 58: kinaisha makali mapema, lakini dakika chache kwenye kijiwe kidogo zinakirudisha kazini. Kikiwa ni chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu ya angalau asilimia 10.5, sawa, kikiwa chuma cha kaboni, nakifuta damu na kukipaka mafuta kabla ya kulala. Huo ndio usumbufu wake wote.

Kuna pia visu vya wembe wa kubadilisha, vikali kama vya daktari wa upasuaji. Kwa kuchuna ngozi sina neno navyo. Lakini wembe huo ni mwembamba, na ukiupindisha ubavu kwenye kiungo unakatika. Sasa unatafuta kipande cha wembe ndani ya nyama, kwa vidole vyenye mafuta, gizani. Asante, hapana.

Shoka au msumeno? Msumeno wa kukunja. Unakata kuni kwa jasho kidogo, unapita kwenye mfupa wa nyonga bila fujo, na ukikuteleza jeraha lake ni dogo kuliko la shoka lililokosea shabaha. Shoka nitalibeba baridi ikiwa kali na moto ukiwa ndio hema langu la pili.

Mahali ambapo watu hubana pesa pasipostahili ni kwenye shanta. Ushauri mwingi wa mizigo myepesi umeandikwa na watembezi, na mtembezi mzigo wake hupungua kila siku kadiri anavyokula. Mwindaji ni kinyume chake: akifanikiwa, anarudi na mzigo mzito kuliko aliokwenda nao, na miguu ikiwa imechoka zaidi. Kifuko chepesi kisicho na fremu kinapendeza asubuhi ya kwanza. Kitie robo ya mnyama uone mabega yanavyolia. Nataka fremu inayopeleka uzito kiunoni, mkanda mpana, na nafasi ya kubana nyama kati ya fremu na mfuko. Halafu naangalia bizimu. Ile ya mkanda wa kiuno ikipasuka na ikawa imeshonewa moja kwa moja kwenye kitambaa, utarudi ukibeba kwa mabega. Ile inayofunguka na kuvishwa nyingine bila sindano inaniambia aliyeitengeneza amewahi kutembea. Nyama yenyewe iende kwenye mifuko ya kitambaa kinachopumua. Mfuko wa plastiki hufungia joto ndani, na joto ndilo linaloiozesha.

Kwenye buti sina mengi ya kusema, ila gramu za mguuni usizipuuze. Inakadiriwa kwamba kilo moja miguuni inachosha kama kilo tano mgongoni.

Kulala kuna mtego wa namba. Mifuko ya kulalia iliyopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537 hupewa nyuzi za joto za aina tatu: ya starehe, ya kikomo, na ya hatari. Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya kikomo. Soma ya starehe. Ile ya tatu inahusu kutokufa, haihusu kupata usingizi. Manyoya ya bata yanayojazwa kwenye mfuko ni mepesi na yana joto jingi mpaka yalowe, halafu yanashikana madonge na kuyakausha kambini ni kazi ya kukatisha tamaa. Kwa safari za mvua nabeba mfuko uliojazwa nyuzi za kutengenezwa kiwandani na kuukubali uzito. Chini yake naweka mkeka wa povu. Godoro la kujaza hewa lina raha zaidi, sibishi, lakini mwiba mmoja unalimaliza, wakati mkeka wa povu ukitobolewa mara kumi bado ni mkeka.

Kichujio cha maji ndicho kinachofeli mtihani wangu vibaya kuliko vyote. Vile vya mirija myembamba maji yakigandia ndani mara moja, mirija inaweza kupasuka bila wewe kuona chochote kwa macho. Unaendelea kunywa kwa imani. Nakitumia mchana, usiku wa baridi nalala nacho, lakini ninachokitegemea ni sufuria: maji yachemke dakika moja kamili, au tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Jiko la gesi nalo lina kiburi chake, maana butani, gesi inayotumika humo na kwenye viberiti, haigeuki kuwa mvuke joto likishuka chini kidogo ya sifuri. Ndiyo sababu viberiti vya gesi vinakaa mfukoni karibu na mwili, pamoja na kijiti cha kuchonga cheche ambacho hata kikilowa kinafanya kazi.

Kifaa kimoja nakibeba ingawa kikiharibika siwezi kukifanya lolote: kile cha kuita msaada kwa masafa ya 406 MHz. Mawimbi yake husikilizwa na mtandao wa setilaiti wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa kwa ushirikiano wa Kanada, Ufaransa, Marekani na Urusi ya Kisovieti, na uokoaji wake wa kwanza ulifanyika mwaka 1982. Betri yake huandikwa tarehe ya mwisho. Iangalie kabla ya kufunga mzigo. Simu si badala yake, maana baridi hunyonya chaji.

Bunduki nimeiacha makusudi, kwa sababu hapo watu hawasikilizani. Nitasema hili tu: tope au theluji ikiingia mdomoni mwa mtutu, risasi inaweza kuupasua. Beba uzi wa kusafishia, na kabla ya kuondoka kambini ziba mdomo kwa kipande cha utepe wa gundi. Ukifyatua, hewa iliyo mbele ya risasi inautoa utepe kabla risasi haijaufikia, na shabaha haibadiliki. Utepe huohuo unaziba hema lililochanika, unafunga soli ya buti iliyobanduka, na ukiuzungushia kwenye chupa ya maji hauchukui nafasi yoyote.