Disemba 10 na Januari 12: siku mbili za Zanzibar, moja tu kwenye kalenda

Kila Disemba 9 Mzanzibari hupumzika kwa ajili ya uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961. Kesho yake, tarehe ambayo mwaka 1963 himaya ya Waingereza iliyodumu tangu 1890 ilikoma visiwani kwake, huenda kazini kama kawaida. Sikukuu yake ni Januari 12, ya Mapinduzi ya 1964. Baina ya matukio hayo zilipita siku 33 tu, na mabishano juu yake hayajapoa.

Wanaotaka Disemba 10 itambuliwe wana hoja nzito ya kisheria. Siku hiyo Prince Philip alikuwepo kwa niaba ya Uingereza, na bendera mpya ikapanda: nyekundu, yenye duara la kijani na karafuu mbili ndani yake. Disemba 16 Zanzibar ikaingia Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. Kiti hicho ndicho kilichokuja kuunganishwa na cha Tanganyika baada ya Aprili 26, 1964. Anayesema uhuru ule haukuwa chochote ana kazi ya kueleza Zanzibar iliingia kwenye Muungano na kiti ilichokipata lini.

Upande wa pili huuliza: uhuru wa nani? Sultani Jamshid alibaki mkuu wa nchi, na serikali ya Waziri Mkuu Mohamed Shamte ilitokana na uchaguzi wa Julai 1963 ambao hesabu zake bado zinauma. Chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 kati ya 31. Hizbu, yaani chama cha ZNP, kwa asilimia 30 hivi, wakapata 12, na washirika wao wa chama cha ZPPP, kwa asilimia 16, wakapata 6. Hapa haihitajiki dhana ya kura kuibwa. Kura za Afro-Shirazi zilirundikana kwenye ngome zake za Unguja, wakashinda huko kwa pengo kubwa lisilowaongezea kiti hata kimoja. Wapinzani wao wakashinda kwingine, hasa Pemba, kwa tofauti ndogo. Mgawanyo wa majimbo ndio uliotoa serikali. Na hayo yalikuja miaka miwili tu baada ya ghasia za uchaguzi wa Juni 1961, zilizoua watu 68.

Serikali hiyo changa ikajiongezea balaa kwa kuwaondoa polisi wenye asili ya bara. Walitoka na mafunzo, kinyongo na ujuzi wa kambi zilivyo. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Januari 12, kambi za polisi za Ziwani na Mtoni zikavamiwa, na silaha za Ziwani zikaamua mengi.

Kwa maoni yangu, watetezi wa Mapinduzi wana haki kwenye hesabu ya kura, ila wanajidhuru wanapoifuta Disemba 10, kwani kijana anayeambiwa nchi ilipinduliwa atauliza ni nchi gani. Wanaoililia Disemba 10, nao, wengi huruka ile asilimia 54 kana kwamba haikupigwa. Lakini Januari 12 nayo haisimuliwi yote: waliouawa, Waarabu hasa, hawatajwi kwenye gwaride, wala haitajwi kwamba Zanzibar haikupiga kura ya kumchagua rais wake hadi 1980.

Kuifanya Disemba 10 siku ya mapumziko sidhani kutafaa kwa sasa. Serikali yenyewe inaitwa ya Mapinduzi. Shamrashamra za Januari, pamoja na uwekaji wa mawe ya msingi na Kombe la Mapinduzi, ndizo zinazoendesha ratiba yake ya mwanzo wa mwaka. Sherehe ya pili mwezi mmoja kabla ingegeuka uwanja wa vyama kupimana nguvu, hasa ikizingatiwa kwamba tarehe hiyo ni pia Siku ya Haki za Binadamu.

Skuli ndipo pa kuanzia, na Nyaraka za Taifa za Zanzibar zilizoko Kilimani zisaidie. Kitabu cha historia kiweke jedwali la Julai 1963 lenye safu mbili, kura na viti, kwa ukurasa mmoja na picha ya bendera ya karafuu. Hadi leo kila upande hunukuu safu moja.