Huyu Si Meza, Meza Natengeneza Mimi

Mwaka wa 22 huu natengeneza samani hapa Keko, na mwaka wa thelathini na ushee nasikiliza Metallica, bendi ya Marekani ya magitaa mazito. Keko inanilisha. Metallica inanipandisha presha.

Msinicheke. Najua mtu wa rika langu Temeke hii anatakiwa awe wa Msondo au wa Sikinde, basi. Na dogo wangu wa karakana ana singeli yake, inakimbia utadhani imeiba simu. Lakini mwaka 1992 mjomba wangu, baharia, alishuka bandarini na kaseti moja haina hata ganda. Albamu yao Master of Puppets, ya mwaka 1986. Nyimbo nane, dakika 54 na sekunde zake. Tuliisikiliza mpaka maandishi yakafutika. Betri zikichoka tunazianika juu ya bati, mkanda ukimezwa tunauzungusha kwa kalamu ya Bic. Mama akaamini nimeingiwa na kitu, akamwita shehe. Shehe akakaa, akasikiliza, akanywa chai yake taratibu, akasema: "Hili si jini, mama. Majini wana adabu."

Muziki sikuusomea, ila mbao naijua. Kaseti ile ilikuwa mninga. Unaigonga, inakujibu. Hata Kill 'Em All ya 1983, ambayo vijana walikuwa hawajajua kupiga msasa na vibanzi vinakuchoma, mbao ni mbao. 1984 wakaleta Ride the Lightning, unaona kabisa randa imepita. Halafu Septemba 1986 basi lao likapinduka huko Sweden, mpiga besi wao Cliff Burton akafariki, kijana wa miaka 24. Hapo sina mzaha.

Kilichofuata ndicho kilianza kunikera. 1988 wakatoa albamu na mpiga besi mpya, Jason Newsted, na besi haisikiki! Nilidhani spika imekufa. Nikabeba redio mpaka kwa fundi, akaifungua, akaifunga, akachukua hela yangu, akasema spika nzima. Kumbe jamaa wameajiri mtu wa besi kisha wakamzima. Fikiria, katika mji huu ambao daladala hulioni bado, lakini ushalisikia kwenye magoti.

1991 ikaja ile yenye jalada jeusi tii. Sisemi ni mbaya. Ni kochi zuri la sebuleni, mke wangu analipenda, hata kwenye harusi ukiliweka hakuna atakayenuna. Dunia nzima ikanunua, mamilioni kwa mamilioni. Na fundi yeyote wa Keko atakwambia wateja wakijaa kinachofuata ni nini: paini. Unachukua paini, unaipaka vanishi rangi ya mninga, unamwomba Mungu mvua isinyeshe.

1996, Load. Wamenyoa nywele, mpiga gitaa wao Kirk Hammett kapaka wanja. Wanja si tatizo, tatizo ni dakika 79. Nyimbo 14! Mwaka uliofuata wakakusanya mbao zilizobaki za kazi ileile wakaunga kabati la pili, Reload, dakika 76. Enzi za mninga ilikuwa 54, kumbuka. Ni yuleyule mama ntilie wetu wa hapa nyuma: nyama ikipanda bei, mchuzi unakuwa wa kuogelea.

Sasa St. Anger, 2003. Hii nataka niiseme polepole. Kuna zile nyaya zinazokaa chini ya ngoma ndogo, ndizo zinazoipa ule mlio mkavu. Mpiga ngoma, Lars Ulrich, akaziachia. Ngoma ikawa inalia debe. Debe, jamani! Dakika 75 za debe. Pale Gerezani mafundi wa bati wanagonga majiko kutwa nzima, lakini hata wao hupumzika wakala. Siku niliyoiweka karakanani, jirani alichungulia akaniuliza kama nimehamia kwenye majiko. Na solo ya gitaa hakuna hata moja. Una Kirk Hammett, mikono ile, unampa kazi ya kuchapa tu. Sawa na kumtoa mchonga milango Zanzibar, ukamleta Dar apigilie makreti ya nyanya.

Tena wakati wanaitengeneza walikuwa wanamlipa mtu dola 40,000 kwa mwezi awakalishe chini wazungumze, wasigombane. Kwa mwezi! Sisi mafundi tukigombana anaitwa mzee mmoja, anapewa soda, yameisha. Na kazi inatoka nzuri.

2008, Death Magnetic, nikasema haya, wamerudi. Solo zipo, mbao ina uzito. Halafu wakaipandisha sauti mpaka ikapasuka. Mashabiki wakagundua kwamba nyimbo hizohizo zilizowekwa kwenye gemu ya kupiga gitaa ni safi kuliko za albamu yenyewe. Yaani mtoto na gemu yake kapewa mninga, mimi niliyeanika betri napewa vumbi la msumeno.

Halafu 2011 wakakaa na Lou Reed, mwanamuziki mkongwe wa Marekani, sasa marehemu, wakatoa albamu, Lulu. Humo mwimbaji wao, James Hetfield, anatangaza, kwa sauti kubwa, kwamba yeye ni meza. Nilizima mashine nisikie vizuri. Nikarudisha. Meza kweli. Bwana, meza nimetengeneza mimi, za kulia, za kusomea, za baa, mpaka ya kuoshea maiti. Meza inakaa kimya, na ikiyumba unaikunjia karatasi mguuni. Huyu si meza.

Ya 2016 tuiache. Ya 2023 nilinunua bando nikaishusha usiku, asubuhi nikapanda nayo daladala Mbagala. Dakika 77. Imeisha tuko Mtongani.

Na ijayo nitaishusha, usiniulize kwa nini.

Sasa juzi kaja mama mmoja wa Kigamboni, mteja wangu wa zamani. Salamu yenyewe ya nusu. "Fundi, kitanda ulichonitengenezea mwaka 2007 mpaka leo wajukuu wanakirukia. Hili kabati la mwaka jana mlango umepinda, mgongo umevimba. Siku hizi una nini?"

Nikamweleza bei ya mninga, nikamweleza usafiri, vibali, unyevu wa Kigamboni.

"Sijakuuliza mbao, mwanangu. Nimekuuliza wewe."

Dogo akainamia msasa, mabega yanacheka. Nikamwambia mama avumilie kidogo, mlango utazoea. Kisha nikasogea kwenye redio, nikaweka St. Anger, sauti mpaka mwisho, angalau nisimsikie.

Akasikiliza kidogo. Akaweka mkoba kwenye benchi, akaniinamia sikioni.

"Na hilo debe nalo umelitengeneza wewe?"